Mgodi Ukifungwa, Deni Hubaki kwa Nani?



Muhula uliopita, katika darsa yetu ya fiqhi ya mali, tulifika mlango wa madini. Tukasoma hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), ambamo Mtume (S.A.W.) ametaja mambo manne kwa pamoja: jeraha la mnyama, kisima, mgodi na rikazi. Rikazi ina khumsi, yaani hutolewa sehemu moja ya tano. Matatu yaliyotangulia hukumu yake ni jubaar, maana yake ni kitu kisichodaiwa. Aliyeumia humo halipwi fidia.

Ndugu mmoja wa kitivo cha uhandisi, aliyekuja siku ile kusikiliza tu, akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mwenye mgodi hadaiwi kitu? Mgodi ukiua watu mia, basi, jubaar?" Tuliokuwa tunasomea dini tukatazamana. Tulikuwa na tafsiri ya neno, lakini jibu hatukuwa nalo. Nimelitafuta tangu siku ile, na pahali liliponifungukia zaidi ni katika habari ambayo sikuwahi kudhani ingemhusu mwanafunzi wa fiqhi: habari ya migodi ya makaa ya mawe ya Ulaya, namna ilivyofunguliwa na namna inavyofungwa.

Tusichanganye maneno. Mkaa tunaopikia hapa Uganda ni mti uliochomwa juzi. Makaa ya mawe ni mimea iliyozama katika vinamasi zama za mbali mno, ikafunikwa na tope, ikakandamizwa na joto na uzito wa ardhi mpaka ikawa jiwe jeusi linalowaka. Wako waandishi wa zama zetu wanaosema Suratul A'laa, aya ya 4 na ya 5, inayotaja malisho yanayogeuka makavu na meusi, imetabiri makaa ya mawe. Mimi sina haraka na maneno hayo. Wafasiri wa zamani waliona humo majani yanayochipua na kukauka, na maana hiyo inatosha. Qur-ani haihitaji kutabiri makaa ya mawe ili iwe na hukumu juu ya anayeyachimba.

Habari ya Uingereza

Tarehe 30 Septemba 2024, mtambo wa umeme wa Ratcliffe-on-Soar ulizimwa. Ndio uliokuwa wa mwisho nchini Uingereza kutumia makaa ya mawe. Nchi hiyo ndiyo iliyoanza: mwaka 1882, hapo Holborn Viaduct, London, ulifunguliwa mtambo wa kuuzia watu umeme uliokuwa ukichochewa kwa makaa ya mawe. Miaka 142 tangu wa kwanza hadi wa mwisho. Mwaka 1913 Uingereza ilichimba tani zaidi ya milioni 280, na wachimbaji walikuwa zaidi ya milioni moja.

Msidhani habari hiyo iko mbali na umma wetu. Januari 1839 Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki iliiteka Aden, na sababu moja kubwa ilikuwa kupata bandari ya kuwekea makaa kwa ajili ya meli za mvuke zinazokwenda na kutoka India. Kutoka Aden na pwani ya Somalia, vijana wa Kiislamu waliajiriwa chini ya sitaha za meli hizo, kwenye joto la tanuri, wakitia makaa kwa koleo usiku na mchana. Ndio waliojenga jamaa za Waislamu za mwanzo mwanzo Uingereza, pale Cardiff na South Shields, na zote mbili ni bandari za makaa. Kwa hiyo moto ule ulikuwa na mikono yetu ndani yake, ingawa faida yake haikuwa yetu.

Nini kiliyaangusha makaa? Mambo mengi, wala si hamu ya kulinda mazingira peke yake. Kwanza meli na treni zilihamia kwenye mafuta. Kisha ukaja moshi: Desemba 1952 ukungu mchafu uliifunika London kwa siku tano, ukaua watu wapatao 4,000 kwa hesabu ya wakati ule, na waliohesabu baadaye wamefikisha zaidi ya hapo. Sheria ya hewa safi ikapitishwa mwaka 1956. Ikaja gesi ya Bahari ya Kaskazini, yakaja makaa ya bei rahisi kutoka nje. Mwaka 1984 serikali ya Margaret Thatcher na wachimbaji waliingia katika mgomo uliodumu mwaka mzima, na wachimbaji wakashindwa. Mwishoni ukaja ushuru wa hewa ya ukaa na mashine za upepo za baharini. Mwaka 2012 karibu asilimia 40 ya umeme wa Uingereza ilitokana na makaa ya mawe; kufika mwaka 2020 ilikuwa chini ya asilimia 2. Mgodi wa mwisho wa kina kirefu, Kellingley huko Yorkshire, ulikuwa umeshafungwa Desemba 2015.

Lakini dunia nzima haijaacha. China pekee hutumia zaidi ya nusu ya makaa ya mawe yanayochomwa duniani, na India inaongeza. Anayetuambia kwamba makaa yamekwisha anatupotosha. Kilichokwisha ni makaa ya nchi zilizotajirika kwayo mapema.

Jubaar ina mipaka

Sasa turudi kwenye swali la ndugu yetu mhandisi, tuliweke mbele ya matukio mawili ya Wales.

La kwanza ni Senghenydd, tarehe 14 Oktoba 1913. Gesi na vumbi la makaa vililipuka chini ya ardhi, wakafa wachimbaji 439 na mwokoaji mmoja. Sheria ilikuwa imewataka wenye migodi waweke feni zinazoweza kugeuza upepo haraka moto ukitokea. Mgodi ule ulikuwa haujatimiza, na muda waliopewa ulikuwa umepita. Kesi ikaenda mahakamani. Meneja akatozwa faini ya pauni 24, kampuni pauni 10. Gawanya mwenyewe kwa idadi ya maiti.

La pili ni Aberfan. Kila mgodi hutoa mawe na tope lisilofaa, na mabaki hayo hurundikwa mahali. Hapo Aberfan yalirundikwa mlimani juu ya kijiji, na lundo la saba likawekwa juu ya chemchemi. Watu walilalamika. Tarehe 21 Oktoba 1966, saa tatu na robo asubuhi, watoto wakiwa wameingia madarasani punde tu, lundo lile liliporomoka likaifunika shule. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Tume ya uchunguzi iliitia hatiani bodi ya taifa ya makaa ya mawe. Hakuna aliyeshitakiwa wala aliyefukuzwa kazi. Wazazi walilipwa pauni 500 kwa mtoto. Na ulipofika wakati wa kuyaondoa malundo mengine yaliyobaki juu ya vichwa vyao, pauni 150,000 zilichukuliwa kutoka kwenye mfuko wa sadaka ambazo watu wa duniani waliwachangia wafiwa. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, miaka thelathini baadaye.

Je, haya ni jubaar? Imam Nawawi, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, anaifafanua hadithi hii. Mtu akichimba mgodi katika ardhi yake au katika ardhi isiyo na mwenyewe, kisha mpita njia akatumbukia, au akaajiri watu wamchimbie na ukawaangukia, hakuna dhamana. Lakini akichimba kwenye njia ya watu, au katika ardhi ya mwingine bila ya idhini yake, na mtu akaangamia, dhamana ipo. Tazameni kinachotenganisha hukumu mbili hizi. Kifo ni kilekile na shimo ni lilelile. Kilichobadilika ni kwamba wa pili amevuka mpaka. Mafakihi wanakiita taaddi, na ndugu yake ni tafrit, uzembe wa kuacha lililokuwa wajibu. Jubaar ni ya ajali ambayo mtu ametimiza yaliyompasa, kisha qadari ikapita. Mwenye kuacha kuweka feni aliyoamrishwa, na mwenye kurundika mlima wa tope juu ya chemchemi na juu ya shule, huyo haingii humo. Na ukiongeza ile kanuni inayotokana na hadithi ya Ibn Maja na Muwatta, kwamba hapana kudhuru wala kudhuriana, sioni njia ya mwenye mgodi kujificha nyuma ya neno jubaar.

Ninasisitiza hapa kwa sababu hadithi ikisomwa nusu huwa silaha ya mwenye nguvu. Mwaka 2014, baada ya wachimbaji 301 kufa katika mgodi wa makaa wa Soma nchini Uturuki, nchi ya Waislamu, wakubwa walisimama wakasema ajali kama hizi ni za kawaida katika kazi ya uchimbaji. Kuamini qadari ni nguzo ya imani. Kuifanya qadari iwe wakili wa mzembe ni jambo jingine, na siku hizi tunalisikia sana, si kwenye migodi tu.

Namna ya Wajerumani

Bonde la Ruhr nchini Ujerumani lina mengi ya kutufunza, wala si yote ya kusifiwa. Mwaka 1957 wachimbaji wa makaa magumu katika Ujerumani Magharibi walikuwa karibu 600,000. Upungufu wa wafanyakazi ulipozidi, Ujerumani ilitia saini mkataba na Uturuki mwaka 1961, na maelfu ya Waturuki wakashuka shimoni. Mwanzo walisali katika vyumba vya mabweni na nyuma ya maduka. Wajukuu wao wanasali leo katika msikiti mkubwa wa Marxloh, Duisburg, uliofunguliwa mwaka 2008, katika mtaa uliojaa familia za wachimbaji na wafua chuma.

Mwaka 2007 serikali, kampuni na chama cha wafanyakazi walikubaliana kwamba uchimbaji wa makaa magumu ukome mwaka 2018. Wakapewa miaka kumi na moja ya kujiandaa. Wenye umri walistaafishwa mapema kwa malipo, vijana wakafundishwa kazi nyingine. Tarehe 21 Desemba 2018, mgodi wa Prosper-Haniel ulitoa jiwe la mwisho, wachimbaji wakamkabidhi Rais wa nchi. Linganisheni na Uingereza, ambako vijiji vilifungiwa migodi haraka haraka, na ambako baada ya ubinafsishaji wa mwaka 1994 serikali ikawa inachukua nusu ya ziada ya mfuko wa pensheni wa wachimbaji kama malipo ya kuudhamini. Mwaka 2024 tu ndipo wazee hao waliporudishiwa akiba ya pauni bilioni 1.5. Mtume (S.A.W.) amehimiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Hawa walisubiri miaka thelathini, na wengine walizikwa wakisubiri.

Lililonishangaza zaidi ni maji. Uchimbaji wa miaka 150 umeishusha ardhi ya Ruhr, sehemu nyingine kwa zaidi ya mita 20. Miji imekuwa kama bakuli. Pampu zikizimwa, sehemu kubwa itageuka ziwa, na maji machafu ya mashimoni yatapanda mpaka yaguse maji ya kunywa. Kwa hiyo pampu hazitazimwa. Wajerumani wenyewe wanaziita gharama za milele. Nani atazilipa milele, na mgodi umefungwa? Mwaka 2007 huohuo iliundwa RAG-Stiftung, taasisi yenye makao mjini Essen. Ilipewa mali za kampuni ya makaa, zikiwemo hisa za kiwanda kikubwa cha kemikali, na ikawekewa sharti kwamba faida ya mali hizo ndiyo ilipie pampu. Tangu mwaka 2019 inalipa zaidi ya yuro milioni 200 kila mwaka.

Niliposoma hayo nilisema peke yangu: hii ni wakfu! Sayyidna Umar (R.A.) alipopata shamba lake la Khaybar na kumwuliza Mtume (S.A.W.) alifanyie nini, alielekezwa aifunge asili yake na atoe matunda yake. Asili haiuzwi, hairithiwi, haipewi mtu. Kinacholiwa ni zao. Sisemi taasisi ile ni ya kisharia. Haina nia ya ibada, na mali zake zimechanganyika na riba. Nasema kwamba watu wasiosoma mlango wa wakfu wamelazimika kuubuni upya, kwa sababu hakuna namna nyingine ya kulipa deni lisilo na mwisho. Sisi tulio na mlango huo tangu karne ya kwanza tumeuachia misikiti na makaburi.

Na ili tusiwapambe kupita kiasi, Ujerumani hiyohiyo imeendelea kuchoma makaa yanayoagizwa kutoka nje na makaa laini ya kwao, na sheria yake imewapa hadi mwaka 2038.

Moto ni wa nani?

Imepokewa na Abu Daud na Ibn Maja kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafanya watu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Wanachuoni wamehitilafiana juu ya moto. Wako waliosema ni mwanga na joto, yaani usimzuie jirani kuota au kuwasha taa yake kwako. Wako waliosema ni mawe ya kuwashia moto, kwamba asizuiwe mtu kuyaokota. Walikusudia gumegume, sina shaka, lakini mwanafunzi wa leo hawezi kuisoma kauli hiyo bila ya kusimama kidogo.

Ipo pia habari ya Abyadh bin Hammal (R.A.), aliyeomba apewe machimbo ya chumvi ya Maarib. Mtume (S.A.W.) akampa. Kisha mtu mmoja akaeleza kwamba ile ni mfano wa maji yasiyokatika, na Mtume akayarudisha. Mafakihi wa Kishafii wakajenga hapo tofauti ya madini ya dhahiri, ambayo hapewi mtu mmoja, na ya ndani, yanayohitaji kazi na gharama. Wamaliki wakasema madini yote yako mikononi mwa kiongozi kwa ajili ya Waislamu. Kuhusu zaka nitapita haraka: kwa Mashafii zaka ya madini ni dhahabu na fedha tu, kwa hiyo makaa yatatolewa zaka kama bidhaa ya biashara, Mahanbali wameingiza kila chenye thamani kinachotoka ardhini, Mahanafi wametoza khumsi vinavyoyeyuka kwa moto, na makaa hayamo.

Jambo la kushika ni kwamba ushirika una pande mbili. Aliye mshirika katika moto hawezi kuwa mshirika wa moshi peke yake. Watu wapatao milioni 600 wa Afrika kusini mwa Sahara hawana umeme. Kuwaambia hao kwamba zamu ya moto imekwisha, bila ya kuwaletea mwingine, si uadilifu. Lakini kuwaletea moshi kwa jina la maendeleo nako si uadilifu. Huko Lamu, kwa ndugu zetu wa pwani ya Kenya, ulipangwa mtambo wa makaa wa megawati zaidi ya 1,000 karibu na mji wa kale na maji ya wavuvi. Wenyeji walikwenda kwenye baraza la rufani la mazingira, na Juni 2019 kibali kikafutwa, sababu mojawapo ikiwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Hapa kwetu umeme ni wa Mto Nile, kuanzia bwawa la Jinja la mwaka 1954 hadi Karuma yenye megawati 600. Hatuna haja ya makaa ya mawe, alhamdulillah. Lakini tuna mgodi uliofungwa. Kilembe, wilaya ya Kasese, ulichimba shaba tangu mwaka 1956. Reli ililetwa Kasese kwa ajili yake. Ulisimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakukuwa na miaka kumi na moja ya kujiandaa, wala taasisi ya pampu. Malundo ya mabaki yamekaa kando ya mto Nyamwamba, na kila mto ukifurika, kama mwaka 2013 na tena mwaka 2020 ulipoiharibu hospitali ya Kilembe, maji huyala na kuyateremsha kwenye mashamba. Aberfan lilikuwa pigo la dakika chache. Letu ni la polepole, na halina tume.

Mabaki yale yana kobalti ndani yake, na kobalti ndiyo madini ya betri nyingi za magari ya umeme na simu zetu. Zaidi ya thuluthi mbili ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa pande za Kolwezi na Likasi, ambako watu wanazungumza Kiswahili na wengine huchimba kwa sululu na mikono mitupu, watoto wakiwemo. Ndiyo maana siwezi kufurahia tu habari ya Ratcliffe kuzimwa. Upepo na jua ni neema, na sisi wa ikweta tumejaaliwa jua kuliko waliotutangulia kulitumia. Ila betri inayohifadhi jua la Ulaya ina shimo lake mahali, na safari hii shimo liko kwa wenye lugha yetu. Zipo betri mpya zisizotumia kobalti, lakini nazo zina madini yao, na kila madini yana mchimbaji.

Na magharibi mwa nchi yetu, kando ya Ziwa Albert, visima vya mafuta vinatobolewa. Siku moja vitafungwa, kama vilivyofungwa vingine vyote. Sheria ya petroli ya mwaka 2013 imeweka mfuko wa kugharimia ufungaji wa visima na usafishaji wa mahali pake. Kwa mwanafunzi wa fiqhi, mfuko huo ndiyo dhamana iliyotangulizwa kabla ya madhara. Yapo maswali ya kuuliza: unaanza kujazwa lini, unashikwa na nani, na je, asili yake imefungwa au inaweza kukopwa mwaka wa uchaguzi?

Ndugu yetu mhandisi nimemwendea na haya yote. Amekubali kuja katika darsa ya Jumatano ijayo baada ya Magharibi, atueleze kisima cha mafuta kinazibwaje, saruji inakaa miaka mingapi, na ikipasuka inajulikanaje. Sisi tumeahidi kuja na mlango wa dhamana kutoka madhehebu manne. Akhi na ukhti mwenye kitabu cha Mawardi, Al-Ahkam as-Sultaniyya, tafadhali aje nacho, nakala ya maktaba imeazimwa.

Wallahu aalam.